Auto au mkono, aksesi au tranki: kuchagua mipangilio ya poti kwenye swichi ya ofisi

Swichi ya kawaida unaichomeka, taa zinawaka, kazi inaanza. Swichi inayosimamiwa, yaani ile unayoweza kuipangia kila poti, nayo itafanya hivyohivyo ukiitoa tu kwenye boksi, na ndiyo maana ofisi nyingi zimenunua swichi ya bei kubwa zikaiacha ifanye kazi ya swichi ya bei ndogo. Pesa uliyoongeza inaanza kurudi siku unapoingia kwenye ukurasa wa poti na kuamua: poti hii ni ya nani, iende kasi gani, ibebe mitandao mingapi, itoe umeme au isitoe, na akichomeka mtu asiyehusika ifanye nini.

Nalinganisha machaguo hayo nikiwa na picha ya ofisi ya wastani: swichi moja au mbili za poti 24, kompyuta za mezani, printa, simu za IP, kamera, vituo kadhaa vya Wi-Fi, na rauta moja inayokwenda kwa mtoa huduma wa intaneti. Msimamo wangu nausema mapema. Poti haipangwi peke yake. Kila mpangilio una mwenzake upande wa pili wa waya, na chaguo zuri ni lile ambalo pande zote mbili zimekubaliana. Shida nyingi za mtandao wa ofisi zinaanza pale upande mmoja ulipobadilishwa na wa pili ukasahauliwa.

Kasi na dupleksi: kuiacha Auto au kuifunga kwa mkono

Wako mafundi wanaoamini hadi leo kwamba mtandao wa kuaminika ni ule uliofungwa kwa mkono: Mbps 100, dupleksi kamili (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja), basi. Imani hiyo ilikuwa na sababu zake. Utaratibu wa vifaa kupatana vyenyewe uliingia kwenye viwango vya Ethernet (mtandao wa waya) mwaka 1995, pamoja na Ethernet ya Mbps 100, na vifaa vya mwanzo vya makampuni tofauti havikuelewana vizuri. Aliyefunga kwa mkono pande zote mbili alilala usingizi. Tatizo ni kwamba ushauri huo umerithiwa nusu: watu wanafunga upande wa swichi, upande wa kompyuta unabaki kama ulivyotoka kiwandani.

Kinachotokea ni hiki. Kwenye Auto, kila upande unatangaza unachoweza, kisha pande zote mbili zinachukua kiwango bora wanachoshiriki. Ukifunga upande mmoja, vifaa vingi vinaacha kutangaza. Upande uliobaki Auto unasikia ishara kwenye waya na kwa ishara hiyo unaitambua kasi, maana ishara ya Mbps 10 na ya Mbps 100 hazifanani. Dupleksi haina ishara. Kiwango kinasema kifaa kisipojua, kichukue dupleksi nusu. Hapo umepata poti moja inayotuma na kupokea kwa wakati uleule, imeunganishwa na poti inayosubiri zamu yake na kuhesabu kila mkutano kuwa mgongano.

Hali hii inasumbua kwa sababu haionekani kwa macho. Taa inawaka kijani. Ping (jaribio la kutuma pakiti ndogo na kusubiri jibu) inarudi vizuri, kwa kuwa pakiti ndogo moja moja hazikutani mara nyingi. Barua pepe zinafunguka. Ni pale mtu anaponakili faili kubwa kwenda kwenye seva ndipo mwendo unaporomoka, na kwa kuwa kila kitu kingine kinafanya kazi, lawama zinaenda kwa seva, kwa antivirusi, kwa kompyuta ya mtumiaji. Majibu yako kwenye kaunta za poti. Upande wa dupleksi nusu utaonyesha migongano iliyochelewa, yaani inayotokea baada ya baiti 64 za kwanza za fremu (kifurushi cha data kwenye waya) kuwa zimeshatoka, jambo lisilotakiwa kuonekana kwenye mtandao wenye nyaya za urefu halali. Upande wa dupleksi kamili utaonyesha makosa ya CRC (data iliyofika ikiwa imeharibika) na fremu zilizokatika. Kwenye swichi za Cisco unatazama kwa amri ya `show interfaces`. Kwenye swichi zinazopangwa kwa kivinjari tafuta ukurasa wa takwimu za poti. Ukikuta jozi hiyo ya makosa, huna haja ya kubadili waya kwanza. Linganisha mipangilio ya pande mbili.

Kwenye gigabiti ya waya wa shaba mjadala umefungwa kabisa. Kiwango cha 1000BASE-T cha mwaka 1999 kinadai mapatano, kwa sababu pande mbili lazima zikubaliane nani ataongoza saa ya mawasiliano. Swichi nyingi zinakuruhusu kuchagua 1000 kwa mkono, ila kinachofanyika ndani ni kutangaza kasi hiyo moja tu. Mapatano yenyewe hayajazimwa.

Kwa hiyo uamuzi wangu: Auto pande zote, isipokuwa una sababu unayoweza kuiandika. Sababu halali ninazozijua ni mbili. Ya kwanza ni mtoa huduma anapokukabidhi laini na kukuambia wazi kwamba upande wake umefungwa Mbps 100 dupleksi kamili. Nawe unafunga vivyo hivyo. Ya pili ni mashine kuukuu isiyojua kupatana, kama vile kifaa cha zamani cha kiwandani. Hata hapo iko njia ya kati ambayo wengi hawaitumii: acha mapatano yawepo, ila punguza kinachotangazwa. Catalyst kadhaa (swichi za Cisco) zina `speed auto 10 100`, na swichi za MikroTik zina orodha ya kutia au kuondoa alama kwenye kila kasi. Unapata ukomo wa kasi unaoutaka bila kuuziba mdomo upande wa pili.

Kuna kosa lingine linalofanana na tiba. Poti ya gigabiti imesimama kwenye 100, au inapanda na kushuka, fundi anaifunga 100 na taa inatulia. Gigabiti inatumia jozi zote nne za waya. Mbps 100 inatumia mbili. Jozi moja ikikatika au kichwa kikibanwa vibaya, gigabiti inashindwa na 100 inapita. Kufunga kasi hapo ni kuuficha waya mbovu. Badili kichwa kwanza, kisha upime tena.

Kwenye fiba za gigabiti dalili ni tofauti: upande mmoja ukiwa Auto na mwingine umefungwa, mara nyingi swichi moja inaona laini iko hewani na nyingine inaona imekufa.

Aksesi au tranki

Poti ya aksesi ni ya VLAN moja, yaani mtandao mmoja uliotengwa na mingine ndani ya swichi ileile. Fremu zinaingia na kutoka bila lebo, na kifaa kilichochomekwa hakijui hata kama VLAN zipo. Poti ya tranki inabeba VLAN nyingi kwenye waya mmoja, kila fremu ikiwa na lebo ya baiti 4 ya 802.1Q (kiwango cha lebo za VLAN). Nafasi ya namba ndani ya lebo ni biti 12, ndiyo maana VLAN unazoweza kuzitumia zinaishia 4094.

Mgawanyo wa ofisi yetu ni mwepesi kuliko unavyosikika. Kompyuta, printa, kamera na mashine ya kurekodi kamera ni aksesi. Tranki ni swichi kwa swichi, swichi kwa rauta, kituo cha Wi-Fi kinachorusha zaidi ya jina moja (la watumishi na la wageni), na seva inayobeba mashine pepe za mitandao tofauti. Simu ya mezani yenye kompyuta nyuma yake iko katikati: data inapita bila lebo, sauti inapita na lebo. Cisco wameitengea amri yake, `switchport voice vlan`. Kwingine unaweka VLAN ya data bila lebo na ya sauti kwa lebo kwenye poti ileile.

Kishawishi ni kufanya poti zote tranki ili siku ya kuhamisha meza usisumbuke. Usifanye hivyo. Laptopu yoyote inaweza kuwekewa namba ya VLAN kwa mkono ndani ya dakika chache, na ikikuta tranki iliyo wazi imeingia kwenye mtandao wa kamera au wa uhasibu bila kuuliza mtu. Pia matangazo (fremu zinazotumwa kwa vifaa vyote) ya kila VLAN yanamwagika kwenye kila meza. Catalyst nyingi za zamani zinatoka kiwandani zikiwa tayari kugeuka tranki upande wa pili ukiomba, kwa hiyo kuziacha zilivyo si sawa na kuziweka aksesi. Andika `switchport mode access` na `switchport nonegotiate` kwenye kila poti ya meza, hata kama inaonekana inafanya kazi bila amri hizo.

Kosa la upande wa pili lina dalili inayotambulika haraka. Kituo cha Wi-Fi kiko kwenye poti ya aksesi, watumishi wanaingia vizuri, wageni wanaunganishwa ila hawapati anwani ya IP. Fremu za wageni zimefika na lebo kwenye poti isiyoruhusu lebo hiyo, zikatupwa.

Tranki ina mambo mawili ya kuamua zaidi ya kuiwasha. Kwanza, VLAN isiyo na lebo. Kwa kawaida ni VLAN 1, na lazima ifanane pande zote mbili. Upande mmoja ukisema 1 na mwingine 99, fremu za mtandao mmoja zinajitokeza ndani ya mwingine, na utatafuta siku nzima kwa nini printa ya ghorofa ya juu imepata anwani ya ghorofa ya chini. Pili, orodha ya VLAN zinazoruhusiwa. Kuruhusu zote ni rahisi. Kuruhusu zinazohitajika tu ni salama zaidi na mimi ndiyo ninayoipendekeza, mradi unajua mtego wake kwenye Cisco. Ukiwa na orodha ya 10, 20 na 30, kisha ukaandika `switchport trunk allowed vlan 40`, hujaongeza 40. Umefuta zote na kubakiza 40 peke yake. Neno linalokosekana ni `add` kabla ya namba. Ofisi nzima imeshawahi kuzimika kwa neno hilo, na kama ulikuwa umeingia kwa mbali kupitia tranki hiyohiyo, safari ya kwenda kwenye kabati la swichi inakuhusu.

Poti ileile kwenye swichi tatu

Hapa nachukua tatu zinazokutana sana kwenye ofisi za aina hii: Catalyst ya Cisco kwa amri, CRS3xx ya MikroTik yenye RouterOS (mfumo wake, ambamo poti huunganishwa ndani ya kitu kiitwacho bridge), na JetStream ya TP-Link kwa kivinjari.

| | Cisco Catalyst | MikroTik CRS3xx | TP-Link JetStream |
|---|---|---|---|
| Poti 5 iwe VLAN 20 | `switchport mode access`, `switchport access vlan 20` | `pvid=20` kwenye poti ya bridge; tranki zinatajwa kwenye jedwali la VLAN | Ongeza poti kwenye VLAN 20 bila lebo, kisha weka PVID 20 ukurasa mwingine |
| Kuhifadhi | `copy running-config startup-config` | Inajihifadhi papo hapo | Bonyeza Save |
| Ukijifungia nje | `reload in 10` kabla ya kuanza | Safe Mode, Ctrl+X | Usihifadhi. Zima, washa |
| Mtego mkubwa | orodha ya tranki bila `add` | kuwasha `vlan-filtering` mapema | kusahau PVID |

Tofauti inayouma zaidi kwenye jedwali hilo ni mstari wa kuhifadhi. Kwenye Cisco na TP-Link, mabadiliko yanafanya kazi mara moja lakini yako kwenye kumbukumbu ya muda. Mji ambao umeme unakatika bila taarifa utakudai deni hilo wiki tatu baadaye: swichi inawaka upya, poti zinarudi zilivyokuwa, na hakuna anayekumbuka nini kilibadilishwa. MikroTik haina tatizo hilo, ila ina la kinyume, kwamba kosa lako nalo limeshahifadhiwa. Ndiyo maana Safe Mode yake si ya hiari machoni pangu. Ukikatika katikati ya kazi, inarudisha ulichokikuta. Kwenye Cisco, `reload in 10` inafanya kazi inayokaribiana na hiyo: ukijifungia nje, baada ya dakika 10 swichi inajiwasha upya na mipangilio ya zamani, ukifaulu unaandika `reload cancel` kisha unahifadhi. Ikikuuliza mwanzoni kama uhifadhi mabadiliko, jibu hapana, la sivyo umejikata mkono mwenyewe.

PVID ya TP-Link inahitaji maelezo kidogo. Kuiongeza poti kwenye VLAN 20 bila lebo kunaamua fremu zinazotoka. Zinazoingia bila lebo zinapewa VLAN na PVID. Ukifanya la kwanza bila la pili, kifaa kinasikia mtandao wa 20 na kujibu kwenye mtandao wa 1. Mtu akikwambia "inapokea lakini haifiki", fungua ukurasa wa PVID kabla ya kitu kingine. Kwa MikroTik, jaza jedwali lote kwanza, ikiwemo bridge yenyewe kwenye VLAN ya usimamizi, na `vlan-filtering=yes`, inayoanza kulitekeleza jedwali hilo, iwe hatua ya mwisho kabisa.

Na kama umerithi ProCurve au Aruba za zamani za HPE, fahamu kwamba wao wanaanzia kwenye VLAN, si kwenye poti, na wakiandika "trunk" wanamaanisha kufunga poti kadhaa pamoja ziwe laini moja nene. Fundi wa Cisco akiandika alichozoea anapata kitu kingine kabisa.

Ninachagua vipi kati ya hizi? Naangalia nani atabaki na swichi. Ofisi isiyo na fundi wa kudumu, ambapo katibu au mhasibu mwenye ujasiri ndiye atakayefungua ukurasa siku ya shida, inafaa kivinjari. Ukiwa na swichi nyingi, mipangilio iliyoandikwa kwa maandishi haina mpinzani: unainakili, unaihifadhi nje ya swichi, na unalinganisha ya leo na ya mwezi uliopita mstari kwa mstari. MikroTik inakupa vyote viwili kwa bei ya chini, lakini inadai mtu aliyetulia na kuisoma. Mifumo ya kidhibiti kimoja kama UniFi inapendeza kwa matawi mengi, kwani unatengeneza wasifu wa poti mara moja na kuutumia kila tawi. Kidhibiti kikizimika swichi zinaendelea na kazi zilivyo, ila huwezi kubadili kitu hadi kirudi.

Poti ya mwisho wa mtandao

Hii fupi. Kwa itifaki ya zamani ya kuzuia data kuzunguka bila mwisho kati ya swichi (STP), poti inakaa sekunde 15 ikisikiliza na 15 ikijifunza kabla ya kupitisha data. Kompyuta ya kisasa inawaka, inaomba anwani, inakata tamaa na kujipa ya 169.254, isiyoifikisha kwenye mtandao wa ofisi. PortFast, au mpangilio wa poti ya ukingoni kwenye swichi nyingine, unaondoa kusubiri huko. Iwashe kwenye kila poti ya meza, na usiiwashe bila BPDU guard, inayoizima poti mtu akichomeka swichi yake. Kwenye waya wa swichi kwa swichi zote mbili zisiwepo.

Umeme kwenye waya

Kwenye PoE (umeme unaopita kwenye waya wa mtandao) chaguo ni kujitambua au kulazimisha. Swichi ya viwango vya IEEE (taasisi inayoweka viwango hivi) inapima kwanza kama kuna ukinzani wa takriban kiloomu 25 upande wa pili, na isipoukuta haitoi umeme. Ndiyo maana kuchomeka laptopu kwenye poti ya PoE hakuna madhara. Kulazimisha, kama `forced-on` ya MikroTik, kunaruka kipimo hicho. Kupo kwa ajili ya vifaa vya PoE isiyo ya viwango, hasa antena za volti 24, na kwenye poti iliyolazimishwa mtu akija kuchomeka printa unaweza kuiaga printa hiyo. Poti kama hiyo iandikwe kwa kalamu kwenye uso wa swichi.

Hesabu ya jumla ndiyo inayowashinda wanunuzi. Kiwango cha PoE cha 802.3af cha mwaka 2003 kinatoa wati 15.4 kwa poti, cha at cha 2009 wati 30, na bt cha 2018 kinafika 60 na 90. Sehemu inapotea njiani: wati 15.4 za swichi zinafika kama 12.95 kwenye kamera mwisho wa waya. Sasa swichi ya poti 48 yenye bajeti ya wati 370 inatosha poti 24 za 15.4 kwa wakati mmoja, si 48. Ukivuka, swichi inachagua nani anyimwe, na inachagua kwa kipaumbele ulichoweka au, kama hukuweka, kwa kawaida kwa namba ya poti. Kamera ya langoni na simu ya mapokezi zipewe kipaumbele cha juu. Kituo cha Wi-Fi cha ukumbi kinaweza kungoja.

Kumzuia asiyehusika

Cisco ina njia tatu za kushughulikia anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa) isiyojulikana. `protect` inatupa fremu zake kimya kimya. `restrict` inatupa na kuandika kwenye kumbukumbu. `shutdown`, ambayo ndiyo ya kiwandani, inaizima poti nzima hadi mtu aje kuifufua. Vitabu hupenda ya mwisho. Kwa ofisi ambayo fundi anaitwa kwa simu, mimi nachagua `restrict`: mgeni hapati kitu, wewe unapata rekodi, na mtumishi aliyekopa waya wa jirani hakai bila kazi siku nzima. Idadi ya kiwandani ni anwani moja tu, na simu yenye kompyuta nyuma yake inazidi hapo, kwa hiyo panda hadi 3 kwenye poti za simu. `protect` siipendekezi popote, kwani tatizo lisiloacha rekodi litakula muda wako baadaye.

Anwani ya MAC inaigizika, hivyo kinga hii inamzuia mzembe zaidi ya mhalifu. Njia imara ni 802.1X, ambapo mtumiaji au kifaa kinajithibitisha kwa seva ya RADIUS (seva ya kukagua utambulisho) kabla poti haijafunguka. Inafaa pale penye seva mbili za uthibitisho, sera za kueleweka na mtu wa kuzitunza. Ukiwa na seva moja kwenye kompyuta ya chini ya meza, siku ikifa hakuna meza inayofanya kazi. Na printa na kamera nyingi hazijui 802.1X, zinaishia kuthibitishwa kwa MAC yao, tukarudi tulikotoka. Kwa watu 40 na fundi wa kuitwa, ningebaki na `restrict`, VLAN zilizotenganishwa vizuri, na mlango wa kabati la swichi wenye kufuli.

Poti zisizo na waya zizimwe, zote, na wakati huohuo zihamishiwe kwenye VLAN isiyokwenda popote, ili hata mtu akiiwasha poti kwa haraka asimkaribishe mgeni kwenye mtandao wa ofisi. Zile zenye waya ziandikwe maelezo kwa amri ya `description` au kisanduku cha jina: chumba, meza, kifaa. Andika kilichoko upande wa pili wa waya, si namba ya poti yenyewe, kwa kuwa namba hiyo swichi inaijua tayari.